Visiwa jirani tusivyovijua: mwongozo wa kuvifikia kwa maji na kwa adabu

Hapa Liwatoni tunaishi ukingoni mwa bahari. Upande wetu kuna bandari ya uvuvi, ng'ambo kuna Likoni, na katikati zinapita meli zinazoingia Kilindini. Sisi wenyewe ni watu wa kisiwa, ingawa madaraja na barabara ya Makupa vimetusahaulisha. Hata hivyo, ukimwuliza kijana wa mtaani kisiwa anachotamani kukiona, atakutajia Maldivi, Shelisheli au Unguja. Ni wachache watakaotaja Mkwiro, Siyu au Misali.

Siwalaumu. Visiwa hivyo havina mabango barabarani, na habari zake nyingi zimeandikwa kwa lugha za wageni kwa ajili ya wageni. Ndiyo maana nimekusanya hapa yale ambayo msafiri wa kwetu anahitaji kujua kabla ya kutoka nyumbani. Jambo ninalolisisitiza ni moja: visiwa vidogo vina masharti mawili ambayo pesa pekee haiyatimizi. La kwanza ni maji, yaani upepo na kujaa na kupwa kwa bahari. La pili ni ruhusa ya wenyeji. Anayeyapuuza haya ama atakwama kwenye tope la mikoko, ama atahatarisha roho yake, ama atarudi akiwa ameona mchanga tu.

Kwanza, kalenda ya upepo na maji

Pwani yetu ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili hadi Septemba hivi. Kusi ndiyo yenye bahari chafu, hasa Juni hadi Agosti, na safari nyingi za boti ndogo hupungua au kusimama. Katikati ya pepo hizo kuna tanga mbili, wakati bahari inapotulia. Kama unataka kuzamia na kutazama matumbawe, lenga Oktoba na Novemba, au Februari na Machi.

Baada ya upepo, tazama mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu, ni kama mwezi mosi hadi wa tatu, na tena kama 14 hadi 17. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Maji mafu huja katikati, kama mwezi 8 na 22, na hapo bahari haijai sana wala haipwi sana.

Kuna kanuni ya haraka ambayo wavuvi wetu wanaijua kwa moyo. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu hesabu hugeuka: hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hakikisha kwa jedwali la maji, kisha mwulize nahodha. Ukiyafahamu haya, utajua kwa nini ulipoitwa saa kumi na moja alfajiri hukupaswa kufika saa moja.

Wasini na Mkwiro

Hiki ndicho kisiwa rahisi kuanzia. Kutoka Likoni unashika barabara ya Lunga Lunga, unakata kushoto kwenda Shimoni, kisha unavuka mlango mwembamba kwa boti. Wasini ni kisiwa kirefu na chembamba kisichokuwa na magari. Kina vijiji viwili vinavyojulikana zaidi: Wasini penyewe upande wa magharibi, na Mkwiro upande wa mashariki. Wenyeji ni Wavumba, na lahaja yao ya Kivumba ni mojawapo ya lahaja za Kiswahili zenye wasemaji wachache. Ukikaa barazani na wazee kwa saa moja utasikia maneno ambayo redio haijawahi kuyasema.

Watalii wengi huletwa hapa kwa chakula cha mchana tu, baada ya kutazama pomboo. Mimi nashauri ulale angalau usiku mmoja. Nyuma ya kijiji cha Wasini kuna bustani ya matumbawe ya kale, mawe marefu yaliyoachwa na bahari, na kati yake mikoko. Wanawake wa kijiji wamejenga njia ya mbao juu yake, na kiingilio kinakwenda kwenye kikundi chao. Siku za bamvua maji huingia hadi chini ya mbao hizo.

Kusini mwa kisiwa kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, iliyoanzishwa miaka ya 1970 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo ilipe mapema ukiwa na mtandao. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote nchini tangu Juni 2020, basi beba maji kwenye chombo cha kudumu. Na maji yenyewe uyatumie kwa kiasi, kwa sababu wenyeji wa Wasini wamezoea kuishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kwenye birika. Mgeni anayeoga mara tatu kwa siku anaoga maji ya jirani.

Kabla ya kuondoka Shimoni, ingia kwenye mapango ambayo wazee wanasema walifungiwa watumwa. Yanasimamiwa na jamii ya hapo.

Chale na Gazi

Chale ni kisiwa kidogo kusini ya Diani, karibu kabisa na bara. Bahari ikipwa sana, unaweza kuvuka kwa miguu, na ikijaa ni lazima boti. Kwa hesabu niliyoitaja, asubuhi ya bamvua ndiyo saa yake.

Sehemu ya Chale ina hoteli, lakini msitu wake ni kaya ya Wadigo. Kaya ni mahali pa ibada na pa makaburi ya wazee. Mwaka 2008 UNESCO iliziorodhesha kaya kadhaa za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia, na masharti yake yanafanana kila mahali: huingii bila mwenyeji, hukati kitu na hubebi kitu. Ukiambiwa leo msitu haufunguliwi, shukuru na urudi.

Karibu na hapo ni Gazi. Kwa miguu, kwenye njia ya mbao ya kikundi cha wanawake, unapita katikati ya mikoko. Kijiji cha Gazi na jirani yake Makongeni ndivyo vyenye mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013 na kulinda hekta 117 za mikoko kwa kuuza haki za hewa ya ukaa. Fedha zake zimetumika kwa mambo ya kijiji kama maji na shule. Ni mfano mzuri wa pwani kupata riziki kutokana na mti uliosimama.

Funzi

Funzi iko kati ya Gazi na Shimoni. Unaifikia kupitia kijiji cha Bodo, kisha boti kidogo kati ya mikoko. Ni kisiwa cha wavuvi, tulivu, na safari yake maarufu ni kupanda mto Ramisi kutoka mdomoni kutazama ndege na mamba. Mto huu huingilika vizuri maji yanapojaa. Usitie mkono majini, na usikubali nahodha akusogeze karibu na mamba ili upate picha nzuri.

Manda na Pate

Lamu mjini, iliyo urithi wa dunia tangu 2001, inajulikana. Ninaowapenda zaidi ni majirani zake. Basi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu na kuishia Mokowe. Hapo unapanda boti.

Manda ina magofu ya Takwa, mji uliokaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17 hivi. Mkondo unaoelekea huko hupita katikati ya mikoko na hukauka maji yakipwa. Siku za maji mafu nenda asubuhi, siku za bamvua nenda alasiri, na usichelewe kutoka. Manda ni mahali pia ambapo mwaka 2013 wanaakiolojia kutoka Chicago walitangaza kupata sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, ya miaka 600 iliyopita. Waliokuwa wakidhani kisiwa hiki ni uwanja wa ndege tu walishangaa.

Pate ndicho kisiwa kikubwa zaidi katika visiwa vya Lamu, na kwa maoni yangu ndicho chenye mengi kuliko vyote katika orodha hii upande wa Kenya. Boti za abiria kutoka Lamu hushusha watu Mtangawanda, Faza na Kizingitini, na saa zake hufuata maji kwa sababu mkondo wa Mkanda ni mfupi wa kina. Mji wa Pate una magofu ya watawala wa Nabahani, na kati ya kuta hizo watu wanalima tumbaku. Siyu ilikuwa mji wa wanazuoni na mafundi wa mbao na ngozi, na nakala za msahafu zilizoandikwa hapo kwa mkono zilitafutwa mbali. Ngome yake inaangalia mkondo ambao miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said yalishindwa kuuteka. Aliyeongoza upinzani ni Bwana Mataka. Mkewe alikuwa Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, ambaye utendi wake wa 1858 kwa binti yake bado unasomwa mashuleni. Siyu ilikuja kushindwa na Sultan Majid miaka ya 1860.

Mwendo wa miguu kutoka Siyu ni Shanga. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba hapo miaka ya 1980 na kukuta, chini ya msikiti wa mawe, mabaki ya misikiti midogo ya miti inayorudi hadi karne ya 8. Ni miongoni mwa ushahidi wa mapema zaidi wa Uislamu kusini ya Jangwa la Sahara. Leo hapana lango kubwa wala mkahawa. Kuna mibuyu, kuta na joto. Chukua kijana wa Siyu akuongoze, chukua maji ya kutosha, na vaa viatu vilivyofunga.

Kaskazini zaidi ni Kiwayu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa 1979, yenye visiwa vidogo vya mawe karibu 50 na fuo ambazo kasa hutaga. Hapa lazima niseme wazi. Mnamo Septemba 2011 wageni walivamiwa na watu wenye silaha karibu na Kiwayu, na eneo la mpakani limeendelea kuwa na matatizo ya usalama. Uzuri wa mahali haubadilishi hilo. Kabla ya kufikiria Kiwayu, uliza polisi na maafisa wa kaunti pale Lamu, na majibu yakiwa na kusitasita, ishia Pate.

Ng'ambo ya mpaka

Kwa Tanzania utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kuna visiwa vinne au vitano ambavyo mtu wa Mombasa atajiona nyumbani.

Pemba imefunikwa na Unguja kwa jina, lakini ina msitu wa Ngezi, ufuo wa Vumawimbi, na popo wakubwa wasiopatikana kokote duniani isipokuwa kisiwani humo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hao walikaribia kwisha kwa kuwindwa. Vijiji kama Kidike viliamua kuwalinda, na sasa wamerudi kwa maelfu. Magharibi ya Pemba kuna Misali, kisiwa kisichokuwa na kijiji. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alisali hapo na kisiwa kikawa msala wake. Kimehifadhiwa tangu 1998, na mafundisho ya dini yalitumika kuwaeleza wavuvi kwa nini baruti na sumu ni dhuluma.

Kusini mwa Unguja kuna Uzi. Barabara yake ilikuwa ikipita kwenye mikoko na kufunikwa maji yakijaa, hivyo wenyeji walikuwa wakipanga arusi, mazishi na safari ya hospitali kwa kutazama bahari.

Mafia ilipata hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania mwaka 1995. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote na asiyedhuru mtu, hukaribia Kilindoni. Unafika kwa ndege kutoka Dar es Salaam au kwa chombo kutoka Nyamisati. Usikose kisiwa cha Chole, penye magofu, popo na mafundi wa majahazi, wala Juani, penye mji wa Kua uliovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19.

Mwisho ni Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Kibali hutolewa Kilwa Masoko, kisha unavuka kwa mashua.

Chombo kwanza, picha baadaye

Pwani yetu imezika watu wengi kwa sababu ya vyombo vilivyojaa kupita kiasi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka hapa hapa Mombasa na watu 272 wakafa. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kuliko ilivyoruhusiwa, na mamia wakapotea. Vyombo hivyo vilikuwa vikubwa. Boti ya watu 12 ina nafasi ndogo zaidi ya kusamehe kosa.

Kwa hiyo kabla hujapanda, tazama haya:

Jaketi la kuokolea liwepo kwa kila mtu, pamoja na watoto, na livaliwe. Likifungwa kwenye gunia chini ya kiti halimsaidii mtu.

Hesabu abiria. Ikiwa idadi iliyoandikwa ubavuni imepita, shuka. Nauli utaipata tena.

Uliza kuhusu injini ya pili au tanga, mafuta ya akiba na simu ya nahodha.

Mwachie mtu wa nchi kavu jina la chombo, la nahodha, na saa ya kurudi.

Nahodha akisema leo hatutoki, usimwongezee pesa. Wahenga wanasema usisafirie nyota ya mwenzio. Boti nyingine ikitoka, hiyo ni nyota yake.

Nani anapata pesa yako

Hapa ndipo ninapoona tatizo kubwa zaidi. Safari ya siku moja ikinunuliwa mjini, gari, boti, chakula na mwongozaji huweza kuwa vya mtu mmoja asiyeishi kisiwani. Kijiji kinabaki na wageni waliopita vichochoroni wakipiga picha, na taka zao. Watoto wa kijiji hicho wakikua, hawatakuwa na sababu ya kulinda kasa wala matumbawe, kwa kuwa hawajaona faida yake.

Dawa yake ni nyepesi. Fika gatini mwenyewe na uliza ofisi ya kamati ya ufuo, BMU, au kikundi cha waongozaji wa kijiji. Lala kwenye nyumba ya mwenyeji. Nunua samaki kwa mvuvi na umlipe mama wa kijiji akupikie. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, mbele ya shahidi, na ulipe sehemu ukirudi salama. Beba pesa taslimu kidogo, maana M-Pesa bila mtandao haifanyi kazi.

Adabu nayo si nzito. Vijiji vingi hivi ni vya Waislamu, basi nguo za kuogelea ziishie majini na leso ikufunike ukiingia mitaani. Salimia kabla ya kuuliza lolote. Piga hodi, usichungulie nyuani. Mtu usimpige picha bila idhini yake, na msikitini usiingie kwa udadisi tu. Ijumaa mchana panga kupumzika, kwa sababu nahodha wako yuko msikitini. Makombe na matumbawe yaache yalipo. Taka zako rudi nazo, kwa sababu kisiwani hakuna lori la kuzizoa.

Pa kuanzia

Mwenye siku mbili aende Wasini na alale Mkwiro. Mwenye siku nne au tano aende Lamu na apite haraka hadi Pate, Siyu na Shanga. Mwenye wiki nzima na pasipoti achague Pemba au Mafia. Familia yenye watoto wadogo ianze na Gazi, ambako wanaweza kuona mikoko wakiwa wamesimama kwenye mbao imara.

Haya ni maji yetu, na lugha inayosemwa kwenye visiwa hivi vyote ni lugha yetu. Hilo linatupa nafuu ambayo mgeni wa mbali hana: tunaweza kuuliza wenyewe, tukajibiwa, na tukaambiwa ukweli kuhusu bahari ya kesho.